Uvimbe umenywea kwa dozi moja, ukoo unataka mtoto arudi nyumbani. Naombeni hoja

mjomba_mtu (mleta uzi):

Wakuu, shikamoo kwa wakubwa, na rika langu mambo zenu.

Naomba hoja, sijaja kuchangisha. Mpwa wangu ana miaka sita, yuko kijijini kwetu Rorya. Ilianza na jino kulegea. Tukasema ni umri wake, meno ya utoto yanatoka. Mara shavu likavimba. Zahanati wakang'oa jino, wakampa amoksilini. Shavu likazidi. Wakang'oa la pili. Ilipofika hatua jicho la upande ule linasukumwa nje na mtoto anakunywa uji kwa kijiko cha chai, kwa pembe moja tu ya mdomo, ndipo tukampeleka hospitali kubwa zaidi. Daktari alimwona akiwa mlangoni, hata hajakaa kwenye kiti, akaanza kuandika rufaa ya hospitali ya Bugando, Mwanza. Kule wakachukua kinyama, majibu yakaja: saratani, inaitwa limfoma ya Burkitt.

Sasa sikilizeni. Wamemwanzishia kemo, yaani dawa za saratani, na ndani ya siku chache uvimbe ukaanza kunywea. Leo anakula ugali na dagaa. Dada akampiga picha anacheka, akaitupia kwenye kundi la ukoo. Hapo ndipo balaa lilipoanzia. Babu yake mtoto, yaani baba mkwe wa dada, ameiona picha na ametoa tamko: mtoto kapona, arudi nyumbani. Mahindi yako shambani. Dada ameacha kichanga hakijafikisha mwaka kwa bibi yake. Shemeji yuko machimboni, simu inapatikana akitaka yeye. Madaktari wanasema mizunguko ya dawa bado kadhaa.

Kikao ni Jumapili. Mzee si mjinga wala si mtu mbaya, ni mfugaji anayepiga hesabu zake. Nikimwambia "daktari kasema" haitatosha. Nipeni kitu kitakachomwingia.

siti_ya_dirishani:

Pole sana mjomba. Nakaa hapa nisubiri wajuzi.

Nesi_Mstaafu:

Mjomba_mtu, pole, na hongera kwa kumfikisha Bugando. Nimefanya kazi wodi za watoto miaka mingi, na hilo la "uvimbe umeisha twende zetu" ndilo lililoniumiza kuliko yote, maana wale tuliowapoteza namna hiyo walikuwa ndio waliokuwa wanaelekea kupona.

Burkitt ni kati ya saratani zinazokua kwa kasi kuliko zote za binadamu. Seli zake zinaweza kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili. Ndiyo maana mama anakwambia jana lilikuwa kama embe dogo, leo limefunga jicho. Dawa za kemo zinazotumika hapo zinazishika seli hasa zinapogawanyika, kwa hiyo saratani yenye haraka namna hiyo ndiyo inayoyeyuka haraka pia. Picha aliyoiona mzee ni ya kweli kabisa. Ila shavu kurudi mahali pake maana yake ni kwamba kilichobaki hakionekani kwa macho wala kushikika kwa mkono. Zile zilizobaki nazo zina haraka ileile. Zikirudi mara nyingi zinarudi zimeshaizoea dawa, na sehemu ambazo seli hizo hupenda kujificha ni kwenye ubongo na maji ya uti wa mgongo. Muulize dada kama mtoto amechomwa sindano ya mgongoni. Lazima atasema ndiyo. Ile si ya kupima tu, wanaweka na dawa humohumo, kwa sababu dawa ya kwenye mshipa haifiki huko vizuri.

Muulize pia kama siku za mwanzo walikuwa wanampa dripu za maji usiku na mchana na kupima mkojo wake. Uvimbe ukifa kwa mkupuo, taka zote zinakimbilia kwenye figo. Ndiyo maana wanampa maji mengi na alopurinoli, dawa ya kulinda figo. Unaona kazi iliyofanyika? Hatua ya hatari ile kaivuka tayari. Kumtoa sasa ni kuacha safari baada ya kuvuka mto wenye mamba.

Na mapumziko kati ya mzunguko na mzunguko, ambayo ndugu huko nyumbani wanayaona kama "wamekaa tu hospitali", ni ya kusubiri chembe nyeupe za damu, zile zinazolinda mwili, zipande. Kemo inaziangusha. Katika siku hizo mtoto akipata joto usimpe panadol mkalala mkisubiri asubuhi. Ni kurudi hospitali saa hiyohiyo, hata kama ni saa nane za usiku.

Mti_Dawa:

Mimi nitasema ukweli mchungu. Kemo ni sumu. Jirani yangu alipelekwa akarudi hana nywele, akafa. Saratani haiponi, hospitali wanakula hela tu. Kuna yale maua ya pinki na meupe yanaota makaburini na mbele ya nyumba za watu, majani yanang'aa. Yale yanatibu kansa, hata wazungu wanayatumia kimyakimya. Chemsha majani, mpe kikombe asubuhi na jioni.

Mwalimu_wa_Bailojia:

Mti_Dawa, nusu ya ulichosema ni kweli, na ile nusu nyingine inaua. Ngoja nieleze, maana hili ua nalifundisha darasani.

Asili yake ni Madagaska. Watu wa nchi mbalimbali walikuwa wanalinywa kama dawa ya kisukari. Mwaka 1952 majani yalitumwa kutoka Jamaika kwenda Kanada, yakamfikia mtafiti Robert Noble. Akawapa panya. Sukari haikushuka. Kilichoshuka ni chembe nyeupe za damu, zikaporomoka vibaya. Wenzetu wakajiuliza: kama inaporomosha chembe nyeupe, je, mtu mwenye saratani ya damu, ambaye chembe zake nyeupe zimefurika? Wakatoa humo vinblastini, na baadaye kampuni moja ya Marekani ikatoa vinkristini, iliyoruhusiwa kutumika mwaka 1963. Sasa mjomba, mwambie dada amuulize nesi majina ya dawa za mtoto. Kwa Burkitt kuna uwezekano mkubwa sana vinkristini imo, pamoja na saiklofosfamidi na methotreksati. Yaani ua la Mti_Dawa tayari liko kwenye mshipa wa mtoto.

Kwa nini basi tusichemshe? Kwa sababu gramu moja ya vinkristini inatokana na takribani nusu tani ya majani makavu, na dozi ya mtoto ni miligramu moja hivi, ikipigiwa hesabu kwa urefu na uzito wake. Kwenye kikombe chako hujui umeweka nini. Hupati dozi ya kutibu, lakini sumu nyingine za majani yale unazipata zote, kwa mtoto ambaye kinga yake iko chini. Vinkristini yenyewe ilivyo kali, ikichomwa mshipani inatibu, ikiingizwa mgongoni kwa bahati mbaya inaua. Ndiyo maana hospitali wanaitenga kabisa na zile dawa za mgongoni.

Kuhusu "saratani haiponi". Shirika la Afya Duniani linakadiria watoto na vijana wapatao 400,000 wanapata saratani kila mwaka. Kwenye nchi tajiri zaidi ya asilimia 80 wanapona. Kwetu huku, nchi nyingi za kipato cha chini na cha kati, chini ya asilimia 30. Ugonjwa uleule. Dawa nyingi ni zilezile, za zamani, nyingine zina miaka 60 sokoni. Tofauti iko kwenye kuchelewa kugundua, kukosekana kwa vipimo na dawa, na hilo analolipigania mjomba: kuacha katikati.

Mti_Dawa:

Sawa mwalimu. Lakini jirani yangu alikufa, hilo haulifuti.

Mwalimu_wa_Bailojia:

Silifuti. Jirani yako alikuwa na umri gani, na saratani gani?

Mti_Dawa:

Mtu mzima. Ya ini.

Nesi_Mstaafu:

Hapo ndipo watu wengi wanapochanganya. Saratani za watu wazima na za watoto ni ukoo mmoja kwa jina tu. Za watoto nyingi hazitokani na sigara wala pombe wala chakula, na nyingi zinasikia dawa kuliko za wakubwa. Mtoto pia mwili wake unastahimili kemo vizuri kuliko wa baba yake. Usimpimie mtoto kifo cha mtu mzima.

jaduong_254:

Salamu kutoka Kisumu, jirani zetu wa Rorya. Huku pande za ziwa Burkitt tunaijua sana. Nataka kuongezea hapo kwa kuacha katikati, sababu kwetu hilo jambo lilifanyiwa utafiti kabisa, pale hospitali ya Moi Teaching and Referral, Eldoret. Waliangalia faili za watoto wa saratani waone matibabu yaliishia wapi. Waliokatiza matibabu walikuwa zaidi ya nusu. Yaani waliokatiza walikuwa wengi kuliko wale ambao ugonjwa uliwarudia, na kuliko wale waliouawa na makali ya dawa. Wakaona tena kwamba familia zilizokuwa na bima zilidumu kwa matibabu kuliko zile hazikuwa nayo.

Kwa hivyo huyo mzee msimuone kama adui wa sayansi. Yeye ndiye ile nusu. Mimi nimeona mwenyewe hospitali moja (sitaitaja) mtoto amemaliza dawa, amepewa ruhusa, lakini hatoki sababu bili haijalipwa. Mama analala chini ya kitanda. Mzazi akirudi kijijini na hiyo hadithi, nani mwingine atapeleka mtoto wake? Bima ya afya ya serikali yenyewe huku ilihama mwaka 2024 kutoka mfuko wa NHIF kwenda SHA, watu wakabaki wanauliza maswali.

Mama_wa_Kwanza:

Nimesoma nikiwa kwenye daladala, nimeshuka kituo kisicho changu.

Binti yangu aliugua saratani ya damu, ile ya limfoblasti, akiwa na miaka minne. Leo yuko sekondari. Matibabu ya ile hayaishi kwa miezi, ni miaka miwili na zaidi. Na ile nayo inacheza mchezo uleule: mwezi wa kwanza tu kipimo cha uboho kinakuja kisafi, unaambiwa seli hazionekani, halafu hapohapo unaambiwa sasa ndiyo tunaanza. Nilitaka kumrukia daktari. Alinipa historia ambayo sijaisahau. Mwaka 1948 daktari mmoja wa Boston, Sidney Farber, alitangaza kuwa watoto 16 wa saratani ya damu wamepewa dawa inaitwa aminopterini na 10 kati yao wamepata nafuu. Dunia ilishangaa, maana kabla ya hapo hakukuwa na kitu. Watoto walicheza, wakala. Baada ya miezi michache ugonjwa ukarudi, kwa wote. Dawa moja, muda mfupi. Ilichukua mpaka miaka ya 60, hospitali ya St. Jude kule Memphis, Donald Pinkel na wenzake walipochanganya dawa nyingi, wakatibu na ubongo, wakaendelea kwa miaka, ndipo nusu ya watoto wakaanza kupona moja kwa moja. Leo huko kwao ni kama tisa kwa kumi. Kwa hiyo anachokitaka babu kilishajaribiwa, mjomba. Kilijaribiwa 1948.

Lakini niseme lingine ambalo madaktari hawalisemi kwa sababu si la kwao. Dawa haikunishinda. Kilichonishinda ni maisha. Mwajiri wangu alinivumilia mwezi wa kwanza, wa pili akatafuta mtu mwingine. Mume alikuja wodini mara za mwanzo, halafu safari zikaanza kuwa nyingi. Mtoto wangu mkubwa, aliyebaki kwa mama mdogo, alianza kukojoa kitandani ilhali ni wa darasa la tatu. Majirani walitenga vikombe, eti inaambukiza. (Haiambukizi. Niliisema hiyo mpaka mate yakakauka.)

Kilichotubakiza pale Muhimbili ni vitu ambavyo ukivisikia utaviona vidogo. Dawa za watoto hatukulipia. Kulikuwa na mahali pa kulala kwa sisi tuliotoka mikoani, kati ya mzunguko na mzunguko. Chakula. Mwalimu aliyekuja na madaftari, binti yangu kajifunzia kusoma huku ana kanyula, ile sindano ya dripu, mkononi. Chumba cha michezo. Shirika la Tumaini la Maisha ndio walioshika mambo hayo wakishirikiana na hospitali, na wamejenga mtandao na hospitali nyingine za rufaa nchini, Bugando ikiwemo. Mwambie dada asione haya, aende ofisi ya ustawi wa jamii hapohapo hospitalini, aseme kila kitu: kichanga, mume, shamba, nauli. Kila kitu. Asipoongea watadhani yuko sawa, maana mama wa Kiafrika ukimuuliza hali atakwambia nzuri.

siti_ya_dirishani:

Huo mstari wa mwisho umenigusa aisee.

Baba_Tausi:

Samahani natoka nje kidogo ya mada. Uzi umenitia wasiwasi. Binti yangu ana mwaka na nusu. Picha za simu zenye flashi jicho moja linatoka jekundu kama kawaida, la pili linatoka jeupe, kama jicho la paka usiku. Mama yake anasema ni simu mbovu. Siku hizi naona pia lina kengeza kidogo. Ni kitu au siyo kitu?

Nesi_Mstaafu:

Baba_Tausi, usisubiri wiki ijayo. Kesho asubuhi mpeleke kwa daktari wa macho, si duka la miwani. Inaweza kuwa mtoto wa jicho, inaweza kuwa jambo jingine, lakini mboni kuonekana nyeupe kwa mtoto mdogo na kengeza lililoanza juzi ni dalili za retinoblastoma mpaka mtaalamu aseme siyo. Ni saratani ya jicho ya watoto wadogo, wengi chini ya miaka mitano. Ikishikwa mapema mtoto anapona, na wakati mwingine jicho linaokolewa. Ikichelewa inafuata mshipa wa fahamu wa jicho kwenda kwenye ubongo. Na kama watasema jicho litolewe, najua ni kauli nzito, usiondoke ukaenda kutafuta maoni kwa waganga. Litawekwa la bandia, mtoto atasoma, ataolewa. Wapo. Ikithibitika, ndugu zake wapimwe pia, maana nyingine zinarithiwa.

Ukipata majibu rudi utuambie.

Baba_Tausi:

Asante. Nimeshaomba ruhusa kazini.

Kampala_Kololo:

Nimeishi Uganda muda mrefu, wacha niwape historia kidogo, maana naona mleta uzi ana mzee ambaye huenda anadhani huu ni ugonjwa wa kuletwa au wa kurogwa.

Ugonjwa huu umeelezwa kwa mara ya kwanza kitaalamu hapa kwetu. Denis Burkitt alikuwa daktari wa upasuaji hospitali ya Mulago, Kampala. Mwaka 1957 akaitwa kumwona mtoto wa kiume aliyevimba mataya yote mawili, pande zote, akashangaa maana usaha wa jino hauvimbishi pembe nne za mdomo kwa pamoja. Muda si mrefu akiwa Jinja akachungulia dirishani akamwona mtoto mwingine wa namna ileile. Akaanza kufukua kumbukumbu, mwaka 1958 akaandika. Mwaka 1961 yeye na madaktari wenzake wawili, Ted Williams na Cliff Nelson, wakapanda gari kuukuu, wakateremka kutoka Kampala kupita Tanganyika hadi Afrika Kusini na kurudi, kama kilomita 16,000, wakiingia hospitali moja baada ya nyingine na picha mkononi: "Mmewahi kuona mtoto wa hivi?" Wakagundua nyanda za juu zenye baridi hawana, mabondeni kwenye joto na mvua wanao. Ramani ikalingana na ya malaria.

Mwaka huohuo Burkitt alihutubia London, na mtafiti mmoja wa maabara, Anthony Epstein, akaondoka hapo anahisi kuna kirusi. Vinyama vikawa vinasafirishwa kwa ndege kutoka Kampala. Miaka inapita, hakuna kitu. Mwishoni mwa 1963 ndege ikashindwa kutua London kwa ukungu, ikapelekwa Manchester. Kichupa kilipofika jioni maji yake yamechafuka kama yameoza. Mtu mwingine angemwaga. Epstein akaweka tone kwenye hadubini: kumbe ni seli hai, zimejichomoa kwenye kinyama njiani zinaelea. Ndizo zilizoota maabara. Mwaka 1964 yeye, Yvonne Barr na Bert Achong wakaandika kuhusu kirusi walichokiona humo. Kirusi cha kwanza kujulikana kuhusika na saratani ya binadamu, kutoka kwenye taya za watoto wa Uganda.

Kirusi chenyewe karibu kila mtu anacho, mimi na wewe. Kwa wengi hakifanyi lolote. Malaria ya kujirudiarudia utotoni ndiyo inayoonekana kuvuruga kinga na kukifungulia njia. Kwa hiyo hakuna aliyemroga, na mama yake hakumkosea kitu.

Kitu kimoja huwa kinanikera. Burkitt mwenyewe aliwapa watoto wale dozi chache za dawa na baadhi wakapona moja kwa moja, mwaka 1967 Kampala ikapata kituo cha kutibu limfoma ambacho leo ni Uganda Cancer Institute, na mengi kuhusu kuchanganya dawa yakajaribiwa pale. Dunia ikajifunza kwetu. Halafu angalia ni watoto wa wapi wanaopona leo.

Mti_Dawa:

Kwa hiyo wale wachache waliopona kwa dozi chache, babu hawezi kusema na mjukuu wake yumo?

Nesi_Mstaafu:

Swali zuri, na mzee anaweza kabisa kuliuliza. Wapo waliopona hivyo. Wengi haikuwa hivyo, na hakuna kipimo cha kukuonyesha mapema mtoto wako yuko kundi lipi. Ukikosea hurudishi nyuma.

Bwana_Shamba_Tarime:

Mjomba, umesema mzee ni mfugaji. Achana na 1948 na Memphis. Muulize hivi: "Baba, ukipeleka ng'ombe joshoni kuoga dawa mara moja, kupe wote wanaanguka. Ng'ombe ni safi, ukipapasa sikioni hakuna kitu. Kwa nini wiki inayofuata unampeleka tena?" Nyamaza. Atajijibu mwenyewe, na kama amewahi kupoteza ndama kwa ndigana, ule ugonjwa wa kupe, hatahitaji maelezo mengine.

siti_ya_dirishani:

Hapo mzee hatoki.

mjomba_mtu:

Wakuu, nimerudi. Kikao kimeisha, nipo kibarazani.

Josho lilifanya kazi kuliko nilivyotegemea, lakini si kwa namna niliyotegemea. Mzee alinisikiliza hadi mwisho, akacheka, akasema, "Hilo nalijua. Wewe unafikiri mimi sijui kwamba ugonjwa unaacha mayai?" Kisha akauliza swali ambalo sikuwa nimejiandaa nalo hata kidogo: "Nani anavuna, na huyu mdogo ananyonya kwa nani?"

Yaani nimekusanya hoja za ugonjwa, kumbe yeye kuhusu ugonjwa hakuwa na ubishi mkubwa. Alikuwa anaona nyumba ya mwanawe inakufa upande mmoja ili ipone upande mwingine, na hakuna mtu aliyempa njia ya tatu. Kichanga kimepungua uzito, bibi yake anakipa uji mwepesi na maziwa ya ng'ombe. Hilo hakuna aliyeniambia.

Basi tukageuza kikao. Mahindi watavuna vijana wa boma mbili, mzee mwenyewe kaamuru. Shangazi mmoja ambaye hana mume wala shamba la haraka amekubali kwenda Mwanza na kichanga, akae karibu na hospitali ili dada awe anatoka kunyonyesha. Nauli na chakula cha mwanzo, mzee anauza beberu mnada wa Jumatano. Shemeji ametumiwa ujumbe na babake kwa lugha ambayo siwezi kuiandika hapa.

Dada nimempigia. Ustawi wa jamii alikuwa hajakanyaga, alidhani ni ofisi ya wanaogombana na waume zao. Kesho anaenda.

Kilichobaki ni mahali pa shangazi na mtoto kulala. Wodini haruhusiwi kukaa na kichanga, na kina mama wengine wamemtahadharisha dada kuhusu vyumba vya bei rahisi vyenye mbu.

Mama_wa_Kwanza:

Mzee mmoja tu na beberu mmoja, na njia imepatikana! Mungu awabariki. Mwambie dada aulize kwanza hapohapo kama wana hosteli au utaratibu wowote wa malazi kwa wazazi, kabla hamjalipa chumba mtaani. Na kichanga kikafike kliniki ya watoto kipimwe uzito, msisubiri.

kwa_mama_ntilie_mwanza:

Mimi nipo Mabatini, kwa miguu hadi Bugando ni mlima kidogo lakini unafika. Nina chumba cha uani, kijana wangu yuko chuo mpaka mwezi wa kumi. Neti ipo. Hela sitaki, akinisaidia kumenya viazi asubuhi inatosha.

Nesi_Mstaafu:

Mjomba, ni jambo jema, ila nenda ukapaone mwenyewe kwanza, umjue na mjumbe wa mtaa. Mtandaoni hatujuani.

kwa_mama_ntilie_mwanza:

Sawa kabisa, aje aone. Hata mimi nataka nimwone shangazi kabla sijampa ufunguo.

mjomba_mtu:

Napanda basi Alhamisi asubuhi, beberu akishauzwa. Nakutumia ujumbe pembeni sasa hivi.

Baba_Tausi:

Wakuu, tumetoka kwa daktari wa macho. Amemtia dawa ya kupanua mboni, ametazama muda mrefu, hakusema mengi. Ametupa rufaa ya hospitali ya KCMC, Moshi, na ameandika "haraka". Mama yake ameshafunga mizigo. Nikifika nitaandika.